Dada Leokadia, Tumeipima Dawa Yako

Dada Leokadia, shikamoo.

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba dawa ni mti. Wanauliza jina la mti, wakishatajiwa wanachukua jembe, wanachimba, wanachemsha, na mgonjwa asipopona wanasema mti ule ni wa uongo, au mganga kaficha kitu. Wewe hukuficha. Ulimwambia kila aliyeuliza kwamba kuna siku mti unakuwa haupo, ingawa umesimama mbele yako na matawi yake yote. Mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa na shahada ya kemia na miwani, basi nikaona nina haki ya kucheka.

Huu ni mwaka wa pili tangu tulipokulaza pale ukingoni juu ya bonde, ambako upepo wa Julai haupumziki. Binti yako Yustina ndiye anayekalia kigoda chako sasa. Wagonjwa wanakuja kama zamani, wa Mwimbi, na wale wanaopanda mlima kutoka Milepa na Muze, wakifika huku juu wanahema na kuilaumu baridi kana kwamba tumeitengeneza sisi. Kila asubuhi Yustina anaweka vyungu viwili jikoni, cha wakubwa na cha watoto, kama ulivyokuwa unafanya. Kuhusu hicho cha pili nina neno zito la kukuambia. Nitalifikia. Unanijua, siwezi kufika mahali bila kueleza njia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kifipa changu ni cha mdomoni tu. Nikikiandika ungekicheka, kama ulivyocheka kila kitu nilichokuja nacho kutoka shule. "Mwalimu wa chupa," ulikuwa unaniita mbele za watu, kwa sababu ya zile chupa za maabara. Hata wanafunzi wangu wakalidaka jina hilo.

Unamkumbuka Tumaini? Baba yake alikuwa karani wa serikali, walihamia Sumbawanga wakitokea Mbeya, na mimi nilimfundisha kemia mpaka kidato cha nne. Alikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini mpaka kengele inalia na wenzake wanamzomea. Sasa ni mtafiti wa mimea ya dawa katika chuo kikuu, na elimu anayoifanyia kazi inaitwa metabolomiki. Usikunje uso, nitakwenda taratibu.

Kila kilicho hai kinapika, dada. Mti unachukua mwanga, maji na udongo, na ndani yake unatengeneza vitu vidogo visivyohesabika: sukari, rangi, harufu ya kumwita nyuki, uchungu wa kumfukuza mdudu. Zamani sisi watu wa kemia tulikuwa tunatafuta kimoja katika hivyo na kukisifia. Ilikuwa kama mkaguzi wa elimu anayeingia darasani, anamuuliza mwanafunzi mmoja swali moja, halafu anaandika taarifa ya shule nzima. Metabolomiki yenyewe inaita mahudhurio ya darasa lote. Unachukua kipande cha mzizi, unakisaga, unakiloweka katika spiriti, kisha maji yake unayapitisha kwenye mashine inayotenganisha kila kilichomo na kukipima uzito. Mashine inavivunja vitu vile, inapima na vipande vyake, halafu inalinganisha na orodha ya vinavyojulikana duniani. Mwishoni unapata rejista: nani yupo, nani hayupo, nani leo kaja kwa wingi. Wengine hawana majina bado, wameandikwa uzito tu. Ukiwa na rejista mbili, ya Januari na ya Julai, unaziweka pamoja na unaona nani alikuwa mtoro.

Tumaini alipoomba kuupima mti wako, tuliandikishana kwanza mbele ya familia kwamba jina lake halitachapishwa bila ruhusa yetu. Ndiyo maana hata humu siliandiki. Likijulikana, ule msitu mdogo wa ukingoni utabaki mashimo.

Sampuli za kwanza nilizichimba mwenyewe. Piga picha: mwalimu mstaafu, jembe begani, mwezi wa Januari, mvua imetoka kunyesha na udongo umelainika. Nilijiona mjanja kwa kuchagua siku rahisi. Niliiosha mizizi mpaka ikang'aa, nikaikatakata, nikaianika juani juu ya bati kwa siku tatu, nikaifunga vizuri na kuipeleka stendi ipande basi kwenda kwa Tumaini.

Rejista ilirudi imepwaya. Tumaini alinipigia simu, akazungumza kwa adabu nyingi, kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Mwalimu, sioni kitu kikubwa hapa. Ni mzizi wa kawaida tu." Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Nilianza hata kuandika, kwenye daftari hili hili, kwamba miaka yote ile watu walipona kwa sababu ya maji ya moto na sauti yako. Sentensi ile bado ipo. Nimeipiga mstari lakini sikuichana karatasi, ili nisijisahau.

Aliyeniokoa ni Yustina. Alikuja mjini kununua chumvi na mafuta ya taa dukani kwa Mzee Salumu, akapita kwangu kunisalimu, akaona mabaki ya mizizi kwenye bati. Akasimama hapo uani.

"Mjomba, umeanika dawa ya mama kama dagaa."

Nikamwambia imekauka vizuri sana.

"Na dagaa wanakauka vizuri sana. Ulichimba lini?"

"Januari."

"Ukiwa unaongea njiani?"

"Nilikuwa peke yangu, ningeongea na nani?"

"Wewe, mjomba? Wewe unaongea hata peke yako."

Basi Julai nilimfuata. Miti ilikuwa imepukutika, nyasi zimekauka, na baridi ilikuwa ile inayoingia kwenye magoti. Alinipeleka kimya kimya mpaka ukingoni, akachimba upande wa macheo, mzizi mmoja tu kwa kila mti, akafukia na kukanyaga udongo kwa mguu kama ulivyomfundisha. Nyumbani hakuiosha kwa maji, aliisugua kwa kitambaa, akaipanga kwenye kichanja juu ya jiko, penye joto na moshi na pasipo jua. Nilimwomba ruhusa ya kuongeza mafungu mengine ya kulinganisha: mizizi ile ile ya Julai lakini iliyoanikwa juani, na mizizi ya mti wa aina hiyo hiyo iliyochimbwa kule bondeni, upande wa Muze. Akakubali, akicheka, kama mtu anayemruhusu mtoto achezee unga.

Safari hii Tumaini alinipigia bila adabu. "Mwalimu, mmeniletea mti gani huu?"

"Ule ule."

"Hauwezi kuwa ule ule."

Ulikuwa ule ule, dada. Vile vitu vichungu vilivyokuwa havionekani Januari, Julai vilikuwa vimejaa rejista. Tumaini ananieleza hivi: wakati wa mvua mti unatumia nguvu zake kujenga majani, lakini baridi na ukavu vikija unarudisha mali yake chini na kuizungushia walinzi. Walinzi hao ndio dawa yako. Mti wa bondeni, ambao hauijui baridi yetu, hauna sababu ya kuwaajiri wengi hivyo. Na jua la kwenye bati linawavunja, wakati kichanja kinaukausha mzizi upesi bila kuuchoma. Walipowaotesha vijidudu vya kuharisha katika kisahani na kuwamwagia maji ya mzizi, ule wa Julai wa kichanjani uliwazuia kukua. Ule wangu wa dagaa haukuwafanya lolote.

Kisahani si tumbo la mtoto, hilo nalijua, na Tumaini analijua zaidi. Kazi iliyobaki ni ya miaka. Lakini kwamba mzizi wako una kitu, na kwamba kitu hicho kina msimu, mahali na namna ya kukaushwa, hilo sasa limeandikwa katika lugha ambayo hata mimi wa zamani nisingeweza kuicheka.

Nitakuwa mkweli kwako pia katika madogo. Upande wa macheo na upande wa machweo, mashine haikuona tofauti. Nilipomwambia Yustina, aliuliza kama mashine ilikuja kuchimba. Lakini nilizunguka msitu ule nikahesabu makovu ya mashimo yako kwenye miti, yote upande mmoja, na miti yote imesimama. Mtu anayechimba upande mmoja hawezi kuuzunguka mti na kuuua. Kuhusu kunyamaza njiani, hatuna cha kupimia. Ila niliponyamaza niliona miti midogo ya aina hiyo inachipua, ambayo Januari nilikuwa nimeikanyaga nikijisemesha.

Sasa lile la chungu cha pili. Nitalisema kama ulivyokuwa ukiwapa watoto dawa chungu, kijiko kimoja bila hadithi.

Majani uliyokuwa unaongeza kwenye dawa ya watoto yanaumiza ini.

Nayasema yale ya marejea ya porini. Siyo marejea tunayopanda shambani ili kurutubisha udongo, ni yale mafupi ya kando ya njia, ambayo maganda yake yakikauka yanalia ukiyatikisa. Ulisema yanatuliza ukali wa mzizi ili mtoto asitapike, na ni kweli hatapiki. Lakini tulipopeleka chungu chote kama kilivyo, rejista ilikuwa na wageni ambao kwenye mzizi hawakuwemo, na wageni hao si wale wasio na majina. Wanajulikana kwa muda mrefu, madaktari wa mifugo wanawajua vizuri sana. Tumaini alirudia kipimo mara tatu kabla hajanipigia. Hawaumizi leo. Mtoto anakunywa, tumbo linatulia, anarudi nyumbani mgongoni kwa mama yake akicheka. Ini linaumia kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, na likija kuonekana umepita muda mrefu, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano, na hakuna anayekumbuka kikombe. Ndiyo maana hukuona. Hakuna jicho la mtu, hata lako, lingeweza kuunganisha vitu viwili vilivyo mbali hivyo.

Ninaandika pole pole hapa, dada.

Kwa sababu wewe ulikuwa unaonja. Kila mtoto aliyeletwa, kabla hajapewa, ulikunywa mafunda mawili mbele ya mama yake. "Siwezi kumpa mtoto wa mtu kitu ambacho tumbo langu halikijui." Nilikusikia ukisema hivyo tangu nikiwa kijana. Watoto walikunywa vikombe vyao vichache wakaenda zao. Wewe ulikunywa vya wote, kwa miaka yote.

Mwaka wako wa mwisho, daktari alituambia ni ini. Tulimuuliza limetoka wapi, akasema mambo ya ini yana njia nyingi. Siwezi kuthibitisha ni njia ipi. Mtu wa kemia asiandike asichokipima, na wewe sikukupima. Nitaandika tu kwamba siku niliposoma ile karatasi ya Tumaini nilivua miwani na sikuivaa tena mpaka asubuhi.

Na Yustina anaonja, dada. Kila siku. Mafunda mawili.

Nilimwambia Jumapili iliyopita baada ya misa. Tulikuwa jikoni kwake, anapepeta ulezi. Nilieleza taratibu kama ninavyokueleza wewe, na mkono wake ukaendelea kupepeta mpaka nilipomaliza. Halafu akauliza, "Mjomba, unasema mama aliwaumiza watoto?"

Nikasema, nazungumzia majani.

"Na majani alichuma nani?"

Akaweka ungo chini. "Alinishika mkono akaniambia nisibadilishe kitu. Wewe hukuwepo." Kweli sikuwepo, nilikuwa nimekwenda kutafuta gari la kukupeleka hospitali. Alilia, na mimi nikabaki nakitazama kichanja, ambako yale majani yalikuwa yamening'inia mafungu mazuri, yamefungwa kwa kamba kama unavyopenda. Mwisho akasema, "Mwandikie yeye. Mwandikie yote, usipunguze. Nitamsomea kaburini siku ya misa yake ya kumbukumbu. Nikimsomea na moyo wangu ukatulia, nitayaacha. Usipotulia, mjomba, usinirudie tena na makaratasi yako."

Kwa hiyo sauti unayoisikia sasa ni ya binti yako. Mimi nimesimama nyuma yake, hatua chache, na kofia mkononi.

Ulimwambia asibadilishe kitu. Lakini mimi nilikujua kabla yake, na nina mambo mawili ya kukukumbusha, naye ayasikie.

La kwanza ni wembe. Kwa miaka mingi ulikuwa unachanja watu chale kwa wembe mmoja, kama waganga wote wa wakati ule. Akaja muuguzi kijana, akakusanya waganga, akaeleza kuhusu damu na ugonjwa unaopita kwenye wembe. Wazee wengi walikasirika, mmoja akamwambia arudi akanyonye. Wewe uliaga ukaondoka. Ulifika nyumbani, ukatoa nyembe zote kwenye kikapu, ukazitumbukiza chooni, na chale ukaacha kabisa. Nilikuuliza kama hukuona aibu mbele ya watu uliokwisha kuwachanja. Ukaniambia, "Jana sikujua, leo najua. Aibu itakuwa kesho nikishika wembe tena." Ulisema hivyo huku unamenya viazi, kana kwamba si kitu.

La pili Yustina halijui, kwa kuwa alikuwa hajazaliwa. Majani yale hukuyarithi. Bibi yetu, aliyekufundisha, alikuwa anatuliza ukali wa mzizi kwa asali. Mwaka ambao nyuki walihama mizinga yote, asali ikakosekana, wewe mwenyewe ulitafuta kitu kingine cha kuwasaidia watoto, ukapata hayo. Nilikuwepo. Ulinionjesha mimi wa kwanza. Kwa hiyo asiyebadilisha kitu hakuwa wewe. Ulipomshika Yustina mkono nadhani ulimaanisha asiache: asiache kwenda Julai, asiache kufukia shimo, asiache kumtazama mtoto usoni kabla ya kumpa kikombe. Hayo hataacha. Nimemwona.

Mizinga ya ukingoni ina nyuki tena. Tumaini amepima mzizi wako uliotulizwa kwa asali, na wageni wale hawamo. Watoto wachanga, wasiofikisha hata mwaka, hao asali nayo haiwafai. Yustina atawaelekeza zahanati, na si aibu kumwelekeza mtu mahali panapofaa. Ulifanya hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyojua.

Sasa ahadi zangu. Jumatatu mimi na Yustina tutashuka mjini hospitali wampime ini lake, na nitakaa naye kwenye benchi mpaka majibu yatoke, hata kama nitaongea peke yangu. Tutapita kwa akina mama wote tunaowakumbuka, mmoja mmoja, tuwaambie wawapeleke watoto wakapimwe, na nitakayesema ni mimi, siyo yeye. Mzizi utaendelea kupimwa mpaka tujue kiasi gani kinatosha na kiasi gani kinazidi. Na siku kazi hii itakapochapishwa, jina la kwanza litakuwa lako, mbele ya Tumaini na mbele ya mwalimu wa chupa. Tumaini mwenyewe ndiye aliyesema hivyo kabla sijamwomba.

Mimi sina wasiwasi na wewe, dada. Nilikuwa nao nilipoanza kuandika, sasa sina. Ulikuwa mtafiti kabla hatujaletewa neno hilo, na mtafiti akionyeshwa alipokosea anashukuru, anainuka. Pumzika. Upepo huu si mkali kwako, ulizaliwa ndani yake. Nikifika huko utaniamkia kwa utani na mimi nitakuamkia kwa heshima, kama siku zote.

Yustina, mwanangu, kunja karatasi na ufute uso. Nenda nyumbani leo hii, kabla hujawasha moto, shusha majani yale yote kichanjani na uyafukie kwenye shimo refu, mahali mbuzi hawafiki.